Huria si Bila Sharti: Leseni za Vijenzi vya Programu katika Kazi za Wavuti za Biashara

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo wanafunzi wetu wa sheria, wa isimu na wa sayansi ya kompyuta hukutana nalo kila mmoja kwa njia yake, lakini ambalo ni nadra kuelezwa kwa Kiswahili. Jambo lenyewe ni hili: mtu anapochukua programu ya kompyuta iliyowekwa wazi kwa watu wote, akaitia ndani ya programu yake anayoiuza, je, amepewa nini hasa, na amejifunga kwa lipi?

Swali hili si la nadharia tu. Anayetengeneza leo tovuti ya duka, ya benki au ya ofisi ya serikali, awe Lubumbashi au Paris, haandiki kila kitu kwa mkono wake. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuunganisha vijenzi vilivyokwisha kuandikwa na wengine: kimoja cha kuonyesha kalenda, kingine cha kuhakiki nywila, kingine cha kutafuta maneno katika hazina ya data. Kijenzi kimoja huvuta vingine nyuma yake, na hivyo navyo huvuta vingine, hata programu ndogo ikajikuta imesimama juu ya vijenzi mamia ambavyo mwenye kuiuza hajapata kuviona kwa macho yake. Kila kijenzi kina mtunzi wake, na kila mtunzi ameweka masharti yake katika hati inayoitwa leseni.

Dai letu ni moja. Kutotozwa fedha si sawa na kutowekewa sharti. Katika leseni za namna hii, sharti ndilo malipo yenyewe. Asiyelitimiza ni sawa na mtu aliyechukua bidhaa dukani bila kulipa, hata kama hakuna mtu aliyemdai senti moja mlangoni. Ili kulithibitisha dai hilo, tutaanza na maneno, kwa kuwa kosa nyingi huanzia hapo. Kisha tutaeleza msingi wa sheria, aina za leseni, na hali ya pekee ya wavuti. Halafu tutachunguza kesi iliyoamuliwa Ufaransa mwaka 2024, kabla ya kutaja mambo machache ya kutenda.

2. Maneno matatu: bure, huru na huria

Mradi wa kwanza mkubwa wa programu za namna hii, uitwao GNU, ulitangazwa na Mmarekani Richard Stallman tarehe 27 Septemba 1983. Tangu siku hizo Stallman amelazimika kueleza mara kwa mara kwamba anazungumzia uhuru wala si bei, kwa sababu katika lugha yake neno moja hubeba maana zote mbili. Kifaransa hakina taabu hiyo, kwa kuwa hutenga *libre* na *gratuit*. Kiswahili nacho hakina taabu hiyo, lakini kina nyingine.

Neno *bure* lina maana mbili zilizo karibu: kitu kisicho na malipo, na jambo lisilo na faida, kama tusemapo kwamba fulani amejisumbua bure. Neno *huru* ni sifa ya yule asiyetawaliwa na mwingine, awe mtu au taifa. Neno *huria*, ambalo lina asili moja na *huru* katika Kiarabu, limechaguliwa zaidi kwa mambo ambayo mlango wake haukufungwa kwa watu fulani: tunasema soko huria, na Tanzania kuna Chuo Kikuu Huria. Ndiyo maana istilahi *programu huria* imekubalika kwa wengi, nasi tutaitumia hapa.

Hata hivyo, msikilizaji asiye mwangalifu huweza kusikia ndani ya *huria* maana ya mambo holela, yasiyo na mwenyewe wala utaratibu. Hapo ndipo kosa linapoingia. Soko huria lina mizani yake, lina ushuru wake, na lina mikataba yake. Kinachokosekana ni yule wa kumzuia mtu asiingie kuuza au kununua. Kadhalika, programu huria ina mwenyewe, ina jina la mtunzi, na ina masharti. Uhuru unaotajwa ni wa aina maalumu: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuisoma na kuichunguza, kuibadili, na kuisambaza, iwe imebadilishwa au haikubadilishwa.

Ikumbukwe pia kwamba shughuli yoyote ni pamoja na biashara. Shirika la Open Source Initiative, lililoanzishwa mwaka 1998, limeweka kati ya vigezo vyake kwamba leseni isibague kazi ya mtu, na biashara haikutolewa. Anayeambiwa kwamba programu huria hairuhusiwi kuuzwa ameambiwa uongo. Swali la haki si kama unauza, bali ni kama umetimiza masharti ulipouza.

3. Msingi wa sheria: programu ni maandishi

Kwa nini mtunzi wa programu awe na nguvu ya kuweka masharti? Jibu ni kwamba sheria huihesabu programu kuwa maandishi. Kabla ya kompyuta kutenda lolote, mtu huandika msimbo asilia, yaani matini ya amri ambayo mtu mwingine mwenye ujuzi anaweza kuisoma na kuielewa. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ulio mmoja wa mikataba ya Shirika la Biashara la Dunia, unatamka katika kifungu chake cha 10 kwamba programu za kompyuta zitalindwa kama kazi za fasihi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa shirika hilo tangu tarehe 1 Januari 1997, na sheria yake yenyewe ya haki za watunzi ni amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986.

Katika mapokeo haya ya sheria, haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi. Haihitaji muhuri wala kuandikishwa ofisini. Kutokana na hilo hufuata jambo ambalo wengi hulisahau: programu iliyokutwa kwenye intaneti bila leseni yoyote si mali ya umma. Ni kinyume chake. Kwa kuwa mtunzi hakutamka kitu, haki zote zimebaki mikononi mwake, na anayenakili amenakili bila idhini. Ukimya wa mtunzi si ruhusa.

Leseni, basi, ni ruhusa iliyotamkwa mapema kwa kila mtu ajaye. Mtunzi anasema: mlango uko wazi, ingia, ila ukiingia fanya hivi na hivi. Hamwiti kila mtu kutia saini, wala hapangi bei na kila mmoja. Anayetumia haki zilizotolewa na leseni amekubali kufuata masharti yake, kwa sababu pasipo leseni hiyo hakuwa na haki yoyote ya kunakili wala kusambaza.

4. Jamaa tatu za leseni

Leseni ni nyingi, lakini kwa anayejenga programu za wavuti yatosha kwanza kuzigawa katika jamaa tatu, kwa kufuata uzito wa sharti lake.

Jamaa ya kwanza ni ya leseni zenye sharti jepesi. Mashuhuri kati yake ni leseni ya MIT, zile za BSD, na ile ya Apache, toleo la 2.0 la mwaka 2004. Leseni ya MIT ni fupi kiasi cha kuenea nusu ya ukurasa. Inamruhusu mtu kutumia, kubadili na kuuza, hata kufunga msimbo wa kazi yake mwenyewe usionekane na mtu. Inachodai ni kwamba tamko la mwenye haki na matini ya ruhusa viambatane na nakala zote, au na sehemu kubwa ya programu. Leseni ya Apache inaongeza kwamba faili zilizobadilishwa zitajwe kuwa zimebadilishwa, na kwamba faili ya matangazo ya mtunzi, ikiwapo, isiachwe njiani. Aidha, inatoa ruhusa ya hataza za wachangiaji, na ruhusa hiyo humkatikia yule atakayefungua kesi akidai kwamba programu hiyo inavunja hataza yake.

Jamaa ya pili ni ya leseni za kurithisha, ambazo sharti lake hufuata kazi popote iendapo. Mama yao ni GNU GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, toleo la 2 mwaka 1991, na la 3 mwaka 2007. Leseni hii inasema kwamba anayesambaza kazi iliyojengwa juu ya programu hiyo sharti aitoe kazi hiyo yote kwa leseni ile ile, na awawezeshe wale walioipokea kupata msimbo asilia. Uhuru aliopewa yeye haruhusiwi kuwanyima watakaopokea kutoka kwake. Ndugu yake mpole, LGPL, ilitungwa hasa kwa ajili ya maktaba za programu: inaruhusu maktaba itumiwe na programu iliyofungwa, mradi mabadiliko ya maktaba yenyewe yatolewe, na mpokeaji asizuiwe kuiweka maktaba iliyobadilishwa mahali pa ile ya kwanza.

Jamaa ya tatu ni ya leseni zilizotungwa kwa kuilenga mitandao, na mfano wake ni AGPL ya mwaka 2007. Hii inahitaji maelezo yake, kwa kuwa haiwezi kueleweka kabla ya kuelewa jinsi wavuti inavyofanya kazi.

5. Wavuti na swali la kusambaza

Masharti mazito ya GPL hayaamki pale mtu anapotumia programu nyumbani mwake, bali pale anapoisambaza. Zamani kusambaza kulikuwa jambo linaloonekana kwa macho: diski ilitoka mkononi mwa mmoja ikaingia mkononi mwa mwingine. Katika wavuti jambo hili limegawanyika pande mbili, na kila upande una hukumu yake.

Upande wa kwanza ni wa kivinjari. Mtu afunguapo ukurasa, sehemu ya programu, iliyoandikwa aghalabu kwa lugha ya JavaScript, husafiri kutoka kwenye seva na kuja kutenda kazi ndani ya kompyuta au simu yake. Kila ziara ni nakala. Hivyo kijenzi kilichomo katika sehemu hiyo kimesambazwa, na masharti ya leseni yake yameamka, hata yale mepesi ya MIT. Hapa kuna mtego mdogo unaonasa wengi. Ili ukurasa ufunguke upesi, watengenezaji hupitisha msimbo katika chombo kinachoubana, kikiondoa nafasi tupu pamoja na maelezo ya watunzi. Tamko la mwenye haki huwa mara nyingi limeandikwa katika maelezo hayo. Chombo kisipoamriwa kulihifadhi, hulifuta, na sharti pekee la leseni iliyo nyepesi kuliko zote limevunjwa bila mtu kukusudia.

Upande wa pili ni wa seva. Programu iliyoko huko haiondoki. Mgeni hupokea matokeo tu, si programu yenyewe. Kwa hiyo kampuni inaweza kuchukua kijenzi chenye leseni ya GPL, kukibadili, kukitumia katika seva yake na kupata faida, bila kulazimika kutoa msimbo kwa mtu yeyote, kwa kuwa haikusambaza nakala. Ni pengo hili ambalo AGPL ilikuja kuliziba: inadai kwamba aliyebadili programu, kisha akawaruhusu watu kuitumia kupitia mtandao, awape watu hao nafasi ya kupata msimbo asilia wa programu iliyobadilishwa.

Lakini upande wa seva una mlango wa nyuma ambao hausemwi vya kutosha. Kampuni nyingi za wavuti hazijengi kwa ajili ya seva zao, bali kwa ajili ya mteja. Kazi ikiisha, programu yote hukabidhiwa kwa mteja. Makabidhiano hayo ni usambazaji kamili. Mjenzi aliyejituliza moyo kwamba GPL haimhusu kwa sababu kazi yake ni ya seva, amesahau kwamba siku ya kumkabidhi mteja ndiyo siku ya masharti kuamka. Jambo hili si la kubuni. Ndilo lililozaa kesi tunayoielekea.

6. Kesi ya Lasso

Kampuni ndogo ya Ufaransa iitwayo Entr'Ouvert ilitunga maktaba ya programu yenye jina la Lasso. Kazi yake ni kumwezesha mtu aliyejitambulisha mara moja katika tovuti moja atambulike katika nyingine bila kutoa nywila upya. Entr'Ouvert iliitoa Lasso kwa milango miwili. Aliyekubali masharti ya GPL, toleo la 2, aliichukua bila kulipa fedha. Asiyetaka masharti hayo, kwa mfano kwa sababu alitaka kufunga msimbo wa kazi yake, aliweza kununua leseni ya kibiashara. Ni desturi inayojulikana sana katika nyanja hii: mmoja hulipa kwa sharti, mwingine hulipa kwa fedha.

Mwaka 2005 serikali ya Ufaransa iliitisha zabuni ya kujenga sehemu ya utambulisho katika tovuti ya huduma kwa raia, iliyoitwa Mon service public. Kampuni kubwa ya mawasiliano ya Orange iliipata kazi hiyo, na mfumo iliouleta ulikuwa na Lasso ndani yake. Mwaka 2011 Entr'Ouvert ilifikisha malalamiko yake mahakamani, ikidai kwamba masharti ya GPL hayakutimizwa wala leseni ya kibiashara haikununuliwa, na kwamba kwa hiyo haki yake ya mtunzi ilikuwa imevunjwa.

Kilichobishaniwa kwa miaka mingi hakikuwa tu kama masharti yalivunjwa, bali kuyavunja kunaitwaje. Katika sheria ya Ufaransa, aliye na mkataba na mwenziwe hana uhuru wa kuuacha mkataba kando na kumshitaki kwa njia ya madhara yaliyo nje ya mkataba. Mahakama ya kwanza ya Paris, tarehe 21 Juni 2019, ilisema kwamba leseni ni mkataba, kwa hiyo dai la kuvunja haki ya mtunzi halipokeleki. Mahakama ya Rufaa ya Paris, tarehe 19 Machi 2021, ilishikilia msimamo huo huo kuhusu haki ya mtunzi. Msomaji ataona uzito wake: kama ni mkataba tu, basi mtunzi hunyimwa zana zenye nguvu ambazo sheria imemwekea dhidi ya wanaonakili bila idhini.

Wakati huo huo, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imekwisha kutamka, tarehe 18 Desemba 2019, katika kesi nyingine ya kampuni za IT Development na Free Mobile, kwamba mwenye haki juu ya programu asinyimwe ulinzi uliowekwa na maagizo ya Ulaya kwa sababu tu aliyekosa alikuwa na mkataba wa leseni. Cour de cassation ya Ufaransa ilifuata njia hiyo, ikaivunja hukumu ya rufaa tarehe 5 Oktoba 2022. Kesi ikarudi Mahakama ya Rufaa ya Paris, ambayo tarehe 14 Februari 2024 iliamua kwamba haki ya mtunzi ilivunjwa. Orange iliamriwa kulipa Euro 500,000 kwa mapato ambayo Entr'Ouvert iliyakosa, Euro 150,000 kwa faida ambayo Orange iliipata, na Euro 150,000 kwa madhara yasiyo ya mali.

Mahakama za Marekani zilikuwa zimepita njia inayofanana na hiyo. Katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, iliyohusu programu ya kuendesha garimoshi za mfano, mahakama ya chini ilikuwa imeona kwamba kutotaja watunzi ni kuvunja ahadi ya mkataba tu. Mahakama ya rufaa ya Federal Circuit, tarehe 13 Agosti 2008, ilikataa: maneno ya leseni yaliwekwa kama sharti la ruhusa, si kama ahadi iliyosimama kando ya ruhusa. Iliongeza kwamba kukosekana kwa fedha hakumaanishi kukosekana kwa manufaa ya kiuchumi.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa *ahadi* na *sharti* kwetu si kitu kimoja. Anayevunja ahadi anabaki na alichopewa, na anadaiwa. Anayevunja sharti hana tena kile alichopewa, kwa maana kilisimama juu ya sharti hilo. GPL toleo la 2 linasema hivyo waziwazi: anayesambaza kinyume cha masharti, haki zake zinakoma zenyewe. Toleo la 3 limelegeza kidogo: anayekosa kwa mara ya kwanza, akarekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu kupata taarifa, hurudishiwa haki zake.

Kuna mafunzo mawili kwetu. La kwanza, fidia ya Euro 500,000 ilitolewa kwa maktaba ambayo mtu yeyote aliweza kuichukua bila kulipa senti. Thamani yake haikuwa sifuri. Ilikuwa imefichwa ndani ya sharti. La pili, ilimchukua mtunzi mdogo miaka 13 kuipata haki yake, katika nchi yenye mahakama imara. Sheria ya mikataba ya Kongo, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ni tawi la mti ule ule wa sheria ya Ubelgiji na Ufaransa. Hukumu hizi hazizifungi mahakama zetu, lakini swali la mkataba na haki ya mtunzi litakapofika mbele yake, litafika kwa sura hiyo hiyo. Wanasheria wetu wanaojifunza leo wana sababu ya kuzisoma.

7. Leseni hubadilika

Mjenzi mwangalifu atasema: nitasoma leseni siku ninayokichukua kijenzi, yatosha. Haitoshi. Kijenzi cha React, kilichotungwa na kampuni ya Facebook na kutumiwa na tovuti nyingi mno, kilikuwa na leseni ya BSD pamoja na waraka wa hataza uliosema kwamba ruhusa ya hataza humkatikia anayeishitaki Facebook kwa madai ya hataza. Mwezi Julai 2017 Wakfu wa programu wa Apache ulizuia kijenzi chenye masharti hayo kutiwa katika miradi yake. Malalamiko yakaenea, na mwezi Septemba mwaka huo huo Facebook ikaihamishia React kwenye leseni ya MIT.

Mabadiliko huweza pia kwenda upande mwingine. Mwezi Januari 2021 kampuni ya Elastic ilitangaza kwamba programu yake ya utafutaji, Elasticsearch, haitatolewa tena kwa leseni ya Apache, bali kwa leseni mbili ambazo Open Source Initiative haizitambui kuwa za programu huria. Amazon ikachukua toleo la mwisho lililokuwa na leseni ya zamani, ikajenga juu yake programu iitwayo OpenSearch. Mwaka 2024 Elastic iliongeza AGPL kati ya leseni zake. Kanuni inayojitokeza ni hii: toleo lililokwisha kutolewa kwa leseni fulani hubaki na leseni hiyo kwa waliolipokea; matoleo mapya ndiyo hubeba masharti mapya. Kwa hiyo anayesogeza toleo mbele ili kupata marekebisho ya usalama, huenda amesaini hati mpya bila kujua.

8. Mambo ya kutenda

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa ya kwanza ni daftari. Kila kazi ya wavuti iwe na orodha inayotaja kila kijenzi, toleo lake, mtunzi wake na leseni yake, pamoja na vile vilivyovutwa na vingine. Kuna majina mafupi ya leseni yaliyosanifiwa ili kila mtu aandike kwa namna moja. Mfumo huo unaitwa SPDX, na tangu mwaka 2021 ni kiwango cha kimataifa chenye namba ISO/IEC 5962. Zipo pia programu zinazoitengeneza orodha hiyo zenyewe, lakini haziondoi wajibu wa mtu kusoma.

Dawa ya pili ni kuuliza maswali matatu kabla ya kukitia kijenzi ndani: je, kijenzi hiki kitakwenda kwenye kivinjari cha mgeni, kitabaki kwenye seva yangu, au kitakabidhiwa kwa mteja? Je, nimekibadili? Je, leseni yake inapatana na ile ninayotaka kuipa kazi yangu? Majibu yakijulikana mapema, mjenzi ana njia kadhaa za heshima: kutimiza sharti, kununua leseni ya kibiashara ikiwapo, au kutafuta kijenzi kingine. Yakijulikana baada ya kazi kukabidhiwa, njia huwa ghali.

Dawa ya tatu ni kutunza matamko ya watunzi. Ukurasa mmoja wenye majina yao na matini ya leseni zao hugharimu muda mfupi, nao hutimiza sharti la jamaa yote ya kwanza. Na mteja anayenunua tovuti, hasa ofisi ya umma, ana haki ya kudai daftari hilo liwe sehemu ya makabidhiano.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba programu huria ni maandishi yenye mwenyewe. Kwamba leseni ni ruhusa iliyosimama juu ya sharti. Kwamba wavuti imelifanya swali la kusambaza kuwa gumu bila kulifuta. Na kwamba mahakama za Ufaransa na Marekani zimekubali kumlinda mtunzi asiyedai fedha.

Limebaki jambo linalowahusu wanafunzi wa lugha. Leseni nyingi kati ya hizi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na Wakfu wa programu huria unaosimamia GPL hautambui tafsiri yoyote kuwa rasmi, kwa hofu kwamba kosa dogo la mfasiri lingebadili haki za watu duniani kote. Wafaransa walijibu hali hii mwaka 2004 kwa kutunga CeCILL, leseni inayopatana na GPL lakini iliyoandikwa kwa Kifaransa na kwa misingi ya sheria yao. Umoja wa Ulaya nao una EUPL, ambayo huwa na nguvu sawa katika lugha zake rasmi. Kiswahili kimekwisha kufaidi uhuru wa leseni hizi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyogeuzwa kwa Kiswahili, kwa kuwa leseni yake iliruhusu kuibadili na kuisambaza. Tumechuma tunda la uhuru huo. Masharti yake bado hatujayaeleza vya kutosha katika lugha yetu. Kazi ya kusanifu istilahi za *sharti*, *ruhusa*, *kurithisha* na *kusambaza*, kwa usahihi ambao hakimu na mjenzi wa tovuti wote wawili wangeweza kuutegemea, inawasubiri wanaisimu na wanasheria wa vyuo vyetu wakiwa wameketi meza moja.